Mdahalo Ulioingia Katika Karatasi

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1830, kijana aliyetaka shahada ya heshima katika Chuo Kikuu cha Cambridge alilazimika kusimama mbele ya hadhara, akatangaza kwa Kilatini madai matatu aliyokuwa tayari kuyatetea, aghalabu moja likiwa limetoka katika kitabu cha Newton na jingine katika falsafa ya maadili, kisha akakabiliwa na wapinzani watatu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijitahidi kuyabomoa madai yale kwa hoja zilizopangwa kwa kanuni za mantiki, huku msimamizi akisikiliza, akiamua ni lini hoja imejibiwa na ni lini haikujibiwa, na mwishowe akiwapanga vijana katika daraja zao kwa kadiri walivyojimudu. Hapakuwa na nafasi ya kumwaga yote yaliyosomwa. Mtetezi aliyeulizwa jambo moja akajibu jingine alinaswa papo hapo na mpinzani wake, na aliyetoa dai asiweze kulitegemeza aliaibika mbele ya watu wanaomjua.

Mwanafunzi wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi twaiita saikolojia, huambiwa na walimu wake kwamba katika insha ya mtihani ajibu swali aliloulizwa na si lile alilotamani kuulizwa, aeleze msimamo wake mapema, alete ushahidi wa majaribio yanayojulikana, alikabili pingamizi lililo zito kuliko yote, ndipo atoe hukumu. Wengi hudhani kwamba huo ni utaratibu uliobuniwa na wasahihishaji ili kuirahisisha kazi ya kugawa alama. Mimi nashikilia kwamba ni mabaki ya mdahalo ule, ambao ulihamishwa kutoka kinywani ukatiwa katika karatasi, na kwamba jambo gumu kuliko yote katika kuhama huko lilikuwa kumpoteza mpinzani: mbele ya karatasi hapana mtu wa kukukatiza, na mtahiniwa asipomleta mpinzani mwenyewe, akampa sauti na haki yake, insha yake huwa hotuba ya mtu anayesema peke yake.

Kuhama kwenyewe kulikwenda polepole. Katika karne ya 18 idadi ya vijana wa Cambridge ilipozidi, na hisabati iliposhika nafasi ya kwanza katika masomo yao, wasimamizi walianza kuyasoma maswali kwa sauti ukumbini, vijana wakayajibu kwa wino, kwa kuwa mahesabu marefu hayasemeki kwa Kilatini wala kwa lugha nyingine yoyote. Na baada ya muda maswali yakapigwa chapa. Oxford, kwa kanuni zake za mwaka wa 1800, iliendelea kuuthamini mtihani wa mdomo mbele ya watu, lakini huko nako karatasi ilizidi kupata nguvu kizazi hadi kizazi. Upande wa pili wa bahari, Horace Mann na wenzake katika mji wa Boston waliwatahini watoto wa skuli kwa maandishi mwaka wa 1845, na sababu alizozitoa Mann zingali zinatolewa hata leo: kwamba watoto wote waulizwe swali lile lile, kwamba kila mmoja apewe muda wa kutosha badala ya dakika chache alizopewa na mtahini wa mdomo, kwamba mwalimu asipate njia ya kumnong'onezea mwanafunzi ampendaye, na kwamba majibu yabaki, yaweze kusomwa tena na mtu asiyekuwapo. Wachina walikwisha kuyajua hayo yote karne nyingi kabla, hata wakawa wakiyafunika majina ya watahiniwa na kuwaagiza makarani wayanakili majibu upya ili mwandiko usimfichue mwenyewe. Nao waliufuta mtihani wao wa kifalme mwaka wa 1905, wakati ambapo Ulaya ilikuwa imezama katika mitihani ya namna hiyo.

Elimu ya nafsi iliingia katika mtihani wa maandishi kabla haijapata nyumba yake yenyewe. Cambridge ilianzisha mtihani wa heshima wa sayansi za maadili mwaka wa 1848, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1851, na baadaye ndani yake, pamoja na mantiki na elimu ya uchumi, maswali ya akili na hisia yalipata mahali kwa jina la falsafa ya akili. Ilipofika mwaka wa 1877 James Ward na John Venn waliomba chumba cha majaribio ya saikolojia, ombi likakataliwa, na habari iliyosimuliwa tangu wakati huo ni kwamba wakubwa wa chuo waliogopa kuitukana dini kwa kuipima roho ya mwanadamu katika mizani. Miaka miwili tu baadaye Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig. Ward aliandika makala yake mashuhuri juu ya saikolojia katika Encyclopaedia Britannica mwaka wa 1886. Mwaka wa 1891 chuo kikatoa paundi 50 za kununulia vyombo. Na mwaka wa 1897 W. H. R. Rivers akawekwa kuwa mhadhiri. Basi kwa kizazi kizima vijana wa Kiingereza walitahiniwa juu ya utambuzi, kumbukumbu na utashi kwa kalamu peke yake, bila ya kushika chombo chochote cha kupimia, na hali hiyo iliacha alama isiyofutika: jibu zuri la saikolojia lilikuwa jibu la kifalsafa, lililopambanua dhana kwa uangalifu na kupima madai kwa mantiki, na hata majaribio yalipoingia kwa wingi hayakuiondoa tabia hiyo, bali yaliongezwa juu yake.

Nusu ya pili ya habari hii ni ya London, nami naiona kuwa na maana kubwa zaidi kwetu, kwa sababu ndiyo iliyotufikia. Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka wa 1836 kikiwa chombo cha kutahini na kutoa shahada, na mwaka wa 1858 kilifungua mlango kwa mtu yeyote, popote alipo, ajifunze kwa njia yoyote anayoiweza, mradi ashinde mtihani. Mwaka wa 1878 mlango huo ukafunguliwa kwa wanawake pia, hali Cambridge, iliyowaruhusu wanawake kufanya mitihani ya heshima tangu 1881, haikuwapa shahada mpaka mwaka wa 1948. Kwa mtu asiyekuwa na mwalimu, karatasi ya mtihani ndiyo iliyokuwa chuo chenyewe. Mwaka wa 1887 William Briggs alianzisha chuo cha masomo kwa barua, University Correspondence College, kikapeleka posta masomo, maswali ya kujipima na majibu ya mfano kwa makarani, walimu wa skuli za msingi na watoto wa wafanyabiashara waliokuwa wakisoma usiku baada ya kazi. Na kitabu cha G. F. Stout, mwanafunzi wa Ward, kiitwacho A Manual of Psychology, ambacho kiliwalea wasomi wa Uingereza kwa miongo kadhaa, kilitolewa mwaka wa 1898 na mwaka wa 1899 na matbaa ya chuo kile kile cha barua, katika mfululizo wa vitabu vya watahiniwa.

Jambo hilo lastahili kutafakariwa. Kitabu kikuu cha elimu ya nafsi cha zama zile kilikuwa, kwa namna ya kuchapishwa kwake, kitabu cha kuandalia mtihani; na mmoja wa vijana walioipata shahada ya London kwa njia hiyo ya barua, mwaka wa 1909, alikuwa Frederic Bartlett, aliyesomea nyumbani kwa sababu ya maradhi, akahamia Cambridge baadaye, na mwaka wa 1931 akawa profesa wa kwanza wa saikolojia ya majaribio katika chuo hicho. Mtu aliyekuja kuuonyesha ulimwengu jinsi kumbukumbu inavyojenga na kubadili, alikuwa amekwisha kuzipitia karatasi zile zinazodai kumbukumbu kuliko kitu kingine.

Majibu ya mfano yalileta ugonjwa wao. Mwanafunzi akishakuwa na jibu zuri lililotungwa na mtu mwingine, hulihifadhi kama sura ya msahafu, akaenda kulimwaga karatasini kwa swali lolote linalolikaribia, na mtahini hana njia ya kumkatiza. Ndipo lilipopata nguvu swali la aina nyingine, lile linaloweka tamko la kutatanisha na kumtaka mtahiniwa alijadili. Tamko hilo, kwa maoni yangu, si pambo la uandishi: ni mpinzani aliyerudishwa ukumbini kwa siri. Mtahini ambaye hawezi tena kuinuka kitini na kusema kwa Kilatini kwamba dai lako halishiki, hulitanguliza pingamizi lake katika swali, na anayelipita bila ya kuligusa huwa amelikimbia.

Laiti mizani ya watahini ingalikuwa na uimara sawa na ule waliowadai wanafunzi! Mwaka wa 1888 F. Y. Edgeworth, mtaalamu wa uchumi na takwimu, alichapisha uchunguzi juu ya mitihani, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni habari ya kipande kimoja cha Kilatini kilichosahihishwa na watahini 28 wenye ujuzi, alama zao zikaanzia 45 na kufika 100. Mwaka wa 1912 Daniel Starch na Edward Elliott wa Wisconsin waliwapelekea walimu wa Kiingereza wa skuli nyingi karatasi zile zile za wanafunzi, na karatasi moja ikapata alama kati ya 64 na 98 kutoka kwa walimu 142. Wengi walipodai kwamba somo la Kiingereza ni la ladha na haliwezi kupimwa sawasawa, wakarudia kwa karatasi ya jometri, na tafauti ikazidi kuwa kubwa. Kisha mwaka wa 1935 Sir Philip Hartog na E. C. Rhodes wakatoa kitabu chao, An Examination of Examinations, kilicholeta fazaa isiyokuwa ndogo Uingereza: walichukua hati 15 za historia, wakawapa watahini 14 wazisahihishe, na baada ya kupita miezi 12 hadi 19 wakawarudishia watahini wale wale hati zile zile bila ya kuwajulisha alama za mwanzo, na katika hukumu 210 za kufaulu, kufaulu vizuri au kuanguka, 92 ziligeuka. Mtu hakutafautiana na jirani yake tu. Alitafautiana na nafsi yake.

Sijui aibu kubwa zaidi kwa elimu ya nafsi kuliko hiyo, wala fahari kubwa zaidi, kwani chombo ilichokitumia kuwapima wanafunzi wake kilithibitika kuwa dhaifu kwa njia zile zile za kupima ambazo elimu hiyo na jirani yake takwimu zilikuwa zikizikuza. Wamarekani waliamua kukimbia. Frederick Kelly wa Kansas alikuwa amekwisha kutunga, kabla ya vita vya kwanza kwisha, mtihani wa kusoma wenye majibu ya kuchagua. Mwaka wa 1917 kamati ya Robert Yerkes ikautumia ufundi wa namna hiyo kuwapima askari, na walipimwa watu wapatao 1,700,000. Mwaka wa 1926 Carl Brigham akausimamia mtihani mpya wa kuingilia vyuoni. Na vita vya pili vilipoingia, mwaka wa 1942, mitihani ya zamani ya insha ya bodi ya vyuo ikasimamishwa. Waingereza walibaki na insha, wakajaribu kuitia adabu: wasahihishaji wawili kwa hati moja, mtahini wa nje kutoka chuo kingine, mwongozo wa alama uliokubaliwa kabla hati hazijafunguliwa.

Adabu hiyo ndiyo iliyozaa istilahi anazokutana nazo mwanafunzi wa leo. Mwaka wa 1948, katika mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani uliofanyika Boston, watahini wa vyuo kadhaa walikaa pembeni wakalalamika kwamba hawana lugha moja ya kusema ni nini hasa kinachotahiniwa. Na kutokana na mazungumzo yao Benjamin Bloom, ambaye kazi yake Chicago ilikuwa ya mtihani, aliwaongoza wenzake kukitoa mwaka wa 1956 kitabu kilichopanga daraja sita: kujua, kufahamu, kutumia, kuchambua, kuunganisha na kutathmini. Amri ya eleza ikawa mahali pake, na amri ya tathmini mahali pake pa juu. Baadhi ya walimu waliifanya ngazi hiyo kuwa kitu cha kukariri, na hilo ni la kusikitisha, lakini nia ya asili ilikuwa njema: kumwambia mtahiniwa waziwazi kwamba kujua mambo na kuhukumu kati ya mambo ni kazi mbili, na kwamba ile ya pili haipatikani kwa kuongeza kurasa za ile ya kwanza.

Na tuchukue swali moja tulipime. Watahiniwa wanaambiwa kwamba kukumbuka ni kujenga upya wala si kutoa kilichohifadhiwa, nao walijadili tamko hilo. Mmoja anaanza na maana ya kumbukumbu, anaeleza jinsi Hermann Ebbinghaus alivyohifadhi silabi zisizo na maana na kutoa kitabu chake mwaka wa 1885, anachora vyumba vitatu vya kumbukumbu vya Atkinson na Shiffrin vya mwaka wa 1968, anafika kwa Bartlett katika ukurasa wa nne, na muda unamwishia. Hakuna kosa hata moja katika aliyoyaandika. Lakini swali lilimtaka ahukumu, naye ametoa ushuhuda tu. Na msahihishaji mwenye insafu, hata akiyaonea huruma masaa yaliyotumika katika kujifunza, hana pa kumpa alama za hukumu ambayo haikutolewa.

Mwingine anaanza kwa kusema kwamba tamko lile ni kweli kwa sehemu, kwamba kujenga upya kunategemea kinachokumbukwa, anayekumbuka na anachotakiwa kukifanya, kisha analijenga dai lake hatua kwa hatua. Analeta kitabu cha Bartlett cha mwaka wa 1932, Remembering, ambamo wasomaji wa Kiingereza walipewa ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini wakaisimulia upya mara kwa mara, na katika usimulizi wao mtumbwi ukageuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mizuka, ambayo ndiyo kiini cha ngano, ikafifia au ikatoweka kwa sababu haikuwa na mahali katika mazoea yao. Hamalizi hapo na kuhesabu kwamba amekwisha kuthibitisha; anaeleza kwa nini mabadiliko hayo yanatetea dai, kwamba kilichopotea hakikupotea ovyo bali kwa kufuata mwelekeo wa mazoea ya msimuliaji. Anaongeza jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka wa 1974, ambamo watu walioonyeshwa filamu ya ajali, kisha wakaulizwa mwendo wa magari kwa kitenzi chenye nguvu zaidi, waliporudi baada ya wiki moja 16 kati ya 50 walisema waliona vioo vilivyovunjika, hali miongoni mwa walioulizwa kwa kitenzi cha upole walikuwa 7 kati ya 50, wala katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Ndipo anapomwita mpinzani. Alan Gauld na Geoffrey Stephenson walionyesha mwaka wa 1967 kwamba watu wakisisitiziwa wasiandike ila lile walilo na yakini nalo, makosa ya namna ya Bartlett hupungua sana, na kwa hiyo yawezekana sehemu ya kujenga kule ilikuwa ni hiari ya msimuliaji anayetaka hadithi yake ipendeze, wala si udhaifu wa kumbukumbu yenyewe. Na kama ni msomaji wa Bartlett mwenyewe na si wa muktasari wake, ana pingamizi jingine lililotoka ndani ya kitabu kile kile: mchungaji wa Kiswazi aliyeulizwa, takriban mwaka mmoja baada ya mauzo, juu ya ng'ombe walionunuliwa na mkulima mmoja wa Kizungu, akataja wanyama, rangi zao na bei zao, akakosea mambo machache madogo tu. Bartlett hakulificha jambo hilo. Alilieleza kwa nafasi ya ng'ombe katika maisha na heshima ya Waswazi, akasema kwamba kinachoshughulisha jamii ndicho kinachoshika katika kumbukumbu za watu wake. Mtahiniwa aliyefika hapa anaweza kuhukumu, kwa kuwa ana pande mbili zilizosimama, na hukumu yake, iwe ni kulikubali tamko kwa masharti au kulikataa kwa sehemu, itakuwa imelipiwa.

Insha hiyo ya pili aghalabu huwa fupi kuliko ya kwanza.

Saikolojia ilirudi baadaye kuutetea mtihani ilioutia aibu, na kwa upande usiotarajiwa. Arthur Gates alipowachunguza watoto wa skuli mwaka wa 1917, aligundua kwamba waliofunga kitabu na kujisomea wenyewe kwa kichwa kwa zaidi ya nusu ya muda wao walihifadhi habari kuliko waliosoma na kurudia kusoma. Herbert Spitzer akalipima jambo hilo mwaka wa 1939 kwa watoto zaidi ya 3,600 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa. Na mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakatoa hesabu ambazo kila mwanafunzi angefaa kuzijua. Waliorudia kusoma kifungu walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika tano, na waliojaribu kukiandika bila ya kukitazama asilimia 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wa kwanza wakabaki na 42 na wa pili wakawa na 56. Kurudia kusoma humpa mtu raha ya kudhani anajua, na raha hiyo humhadaa usiku ule ule wa kuamkia mtihani. Anayeketi mara kwa mara na swali la zamani, akaliandikia jibu kitabu kikiwa kimefungwa, huwa anajifunza na kujitahini kwa tendo moja, na fauka ya hayo huwa anaizoesha akili kutafuta ushahidi kwa kuitikia swali badala ya kuutafuta kwa mpangilio wa sura za kitabu.

Pwani yetu ilikuwa na mizani yake kabla ya karatasi hizi kuja. Katika madrasa na misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya shehe wake mstari kwa mstari, akaulizwa, akajibu, akarudishwa aliposita, na aliporidhiwa alipewa ijaza ya kukifundisha kitabu kile, ijaza iliyobeba jina la mwalimu na la mwalimu wa mwalimu; aliyemtahini alimjua, na mtihani haukuwa na saa. Skuli za serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilileta desturi iliyokuwa kinyume chake kabisa: hati zilifungwa, zikasafirishwa mpaka Cambridge, zikasomwa na mtu asiyemjua mtahiniwa ila kwa nambari yake. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka wa 1949, na shahada za kwanza za London zilitolewa pale mwaka wa 1953, maswali na alama zikipitiwa na watahini wa pande zote mbili. Kisha kikaja Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kuanzia 1963 mpaka 1970. Kwa upande wa skuli, Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki lilianza mwaka wa 1967, Tanzania ikajitoa mwaka wa 1971 na kuunda baraza lake kwa sheria ya mwaka wa 1973, Kenya ikafuata mwaka wa 1980. Mabaraza na vyuo vilibadilika. Insha ya kuandikwa kwa saa zilizohesabiwa ilibaki.

Kubaki huko hakukukosa gharama, na aliyeionyesha ni mwanasaikolojia. Mallory Wober, katika utafiti wake wa Uganda aliouchapisha mwaka wa 1974, aliwauliza watu wayapange maneno yanayofanana na akili na yanayoachana nayo, akaona kwamba wanakijiji wa Kiganda waliiweka akili pamoja na upole wa mwendo na uangalifu, hali wale waliosomeshwa kwa elimu ya kizungu walikwisha kuusogelea wepesi. Karatasi ya saa tatu yenye maswali manne humpa mtahiniwa dakika 45 kwa kila jibu, na kwa hesabu hiyo imekwisha kuchagua upande kabla hajaandika neno. Walimu wangu walitufundisha kuziweka dakika tano za mwanzo kalamu ikiwa chini, tulisome swali mara mbili na kupanga hoja pembeni mwa daftari, na wengine miongoni mwetu tuliona kwamba ni kupoteza wakati, tukitazama wenzetu wakiandika kwa kasi. Nami sasa, kila nikizisoma hati za wanafunzi, naziona dakika hizo katika aya ya kwanza, mahali zilipotumika na mahali zilipokosekana.

Natamani kuona hati nyingi zaidi ambazo Wober na mchungaji wa Kiswazi wamo ndani yake. Swali juu ya akili likiletwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, watahiniwa humtaja Alfred Binet na kipimo chake cha mwaka wa 1905, humtaja Charles Spearman na makala yake ya 1904, nao hufanya vyema, kwani mambo hayo ni ya lazima. Kisha hutafuta pingamizi katika vitabu vya mbali, wakaleta wanazuoni wa Harvard na Yale walioipanua dhana ya akili. Wanakijiji wa Buganda waliulizwa akili ni nini wakajibu, jibu lao lipo limechapishwa, nalo lapingana waziwazi na kipimo kinachohesabu sekunde.